Kamera ya Sanduku na Majina ya Wazee Wetu

Katika nyumba tunamokaa hapa Sale kuna sanduku dogo jeusi linaloweza kukaa juu ya kiganja cha mkono. Mbele lina tundu moja lenye kioo. Ubavuni lina ufunguo wa kuzungusha na kipini kidogo cha chuma. Nyuma lina kidirisha chekundu kisichozidi ukubwa wa ukucha. Siku moja mtoto wa shule alilichukua, akaligeuza huku na huku, kisha akauliza, "Mwalimu, picha yaonekana wapi?" Tukamjibu, "Haionekani." Akauliza tena, "Itaonekana lini?" Tukamwambia, "Labda mwezi ujao." Basi akacheka sana, akawaita wenzake waje waione kamera isiyoonyesha picha.

Tulicheka pamoja nao. Lakini walipokwisha kwenda zao tulifikiri kwamba swali la mtoto yule lafaa kujibiwa vema. Maana picha za babu zetu, na picha za nchi hii ya Karatu na Ngorongoro tangu wageni wa Ulaya walipoingia mpaka siku za karibuni, zilipigwa kwa vyombo vya namna hiyo: vyombo visivyoonyesha kitu mpaka baadaye, vyenye makosa mengi, na vilivyohitaji subira. Mtu asiyejua kazi ya vyombo hivyo hawezi kuzisoma picha za zamani sawasawa. Tena yuko katika hatari ya kupoteza jambo lililo kubwa kuliko picha zenyewe, kama tutakavyoeleza mwishoni.

Kwanza tuseme namna kamera ya sanduku inavyofanya kazi. Kamera hii haina akili yoyote. Ndani yake ni giza tupu. Mwisho wa giza hilo hupita mkanda uliopakwa utando wenye chumvi ya madini ya fedha. Mpigaji akisukuma kipini, tundu hufunguka kitambo kidogo sana, na nuru huingia na kuugusa mkanda. Palipoguswa na nuru pamebadilika, ila jicho haliwezi kuona mabadiliko hayo. Mkanda husafishwa katika chumba cha giza kwa dawa. Ndipo picha hutokea, nayo hutokea kwa kinyume: penye nuru huwa peusi, na penye giza huwa peupe. Uso wa mtu huonekana kama wa mzimu, na meno yake kama makaa. Baadaye nuru hupitishwa katika mkanda huo hadi kwenye karatasi, na mambo yote hurudi katika hali yake. Mkanda ule wa kinyume ndio mama wa picha. Karatasi ikiungua au kupotea, mama yule aweza kuzaa nyingine.

Mpigaji wa kamera hii hana budi kufuata sheria zake. Jua liwe mgongoni mwake. Asimame hatua nne hivi mbali na watu. Akisogea karibu zaidi, nyuso hufifia kama zimetazamwa na macho yenye machozi. Ailaze kamera tumboni, atazame juu yake katika kioo kidogo ambamo mkono wa kuume huonekana upande wa kushoto, azuie pumzi, asukume kipini polepole. Kisha azungushe ufunguo huku akitazama kidirisha chekundu mpaka tarakimu inayofuata itokee. Akisahau kuzungusha, picha mbili zitaandikwa mahali pamoja. Mtoto akigeuza kichwa atapata vichwa viwili. Sanduku likiwa na ufa, nuru huingia kama mwizi, ikaacha mstari mweupe juu ya mtu aliyesimama kwa adabu zake zote. Na mkanda mmoja una picha 8 tu.

Hayo ndiyo makosa ya kamera ya sanduku, nayo si machache. Hata hivyo wako watu ulimwenguni leo wenye kamera za kisasa mikononi, ambao hutafuta masanduku haya ya zamani na kuyatumia kwa furaha. Nasi ni miongoni mwao. Ili kueleza furaha hiyo imetoka wapi, yatupasa kurudi nyuma katika historia.

Mwaka 1839 huko Paris serikali ya Ufaransa ilitangaza mbele ya watu wote namna ambayo Bwana Louis Daguerre aliiona ya kukamata sura ya vitu juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Uingereza nako Bwana William Henry Fox Talbot alikuwa akifanya picha kwa karatasi. Mwaka 1851 Bwana Frederick Scott Archer alionyesha njia ya kutumia kioo kilichopakwa dawa mbichi. Picha zake zilikuwa nzuri mno, lakini kazi yake ilikuwa ngumu: kioo kilipakwa dawa, kikapigwa picha, kikasafishwa, yote kabla dawa haijakauka. Kwa hiyo mpiga picha aliyesafiri alichukua chumba cha giza pamoja naye.

Pwani yetu iliujua ugumu huo mapema. Mwaka 1860 Bwana James Augustus Grant alifika Unguja pamoja na Bwana John Hanning Speke, wakielekea bara kutafuta chimbuko la mto Nile. Bwana Grant alipiga picha Unguja, na picha zake zimo katika picha za kwanza kabisa za mji ule. Lakini walipoingia bara, joto la hema lililofungwa pande zote lilimdhuru mno, hata kazi ya picha ikaachwa, akashika kalamu na rangi, akachora. Basi safari ile kubwa iliyopita katikati ya nchi zetu twaijua kwa michoro. Watu walioonwa njiani wametufikia kupitia mkono wa mchoraji, si kwa nuru iliyowagusa wenyewe.

Mambo yakawa mepesi kidogo kidogo. Mwaka 1871 Bwana Richard Leach Maddox, aliyekuwa mganga huko Uingereza, aliandika habari za vioo vikavu vilivyoweza kuwekwa siku nyingi kabla ya kutumiwa. Mwaka 1888 Bwana George Eastman wa mji wa Rochester, Marekani, aliuza kamera aliyoiita Kodak, yenye mkanda wa picha 100 ndani yake. Ilikuwa na bei ya dola 25, nazo zilikuwa fedha nyingi sana siku zile. Mpigaji alipomaliza mkanda aliirudisha kamera yote Rochester, ikafunguliwa huko na kusafishwa. Kisha mwaka 1900 ikatoka kamera ya sanduku iliyoitwa Brownie, kwa bei ya dola 1. Mwaka uliofuata ikatoka Brownie ya pili, pamoja na mkanda wa namna ya 120, na mkanda wa namna hiyo hutengenezwa hata leo. Tangu hapo picha haikuwa tena kazi ya fundi na tajiri peke yao. Mwalimu, mhunzi na mtoto wa shule aliweza kuishika kamera, mradi apate bei ya mkanda.

Kwetu Afrika ya Mashariki mambo hayakwenda upesi hivyo. Katika karne ya 19 Unguja ilikuwa na wapiga picha kutoka Goa, kama jamaa ya Gomes na ndugu Coutinho, ambao picha zao za mji na za watu wake zilinunuliwa na wasafiri. Mwaka 1930 Bwana Ranchhod Oza alifungua huko studio iitwayo Capital Art Studio, na mwanawe Rohit Oza akairithi kazi ya baba yake. Huko bara, walioleta kamera walikuwa hasa wasafiri, watu wa serikali na wamisheni. Misheni ya Leipzig iliyofanya kazi Kilimanjaro, Meru na Arusha ilikusanya picha nyingi. Nyingine zilifanywa vioo vya taa, zikaonyeshwa ukutani kwa Wakristo wa Ulaya ili wajue kazi yaendeleaje, nao watoe sadaka zao.

Na huku kwetu, nyanda za juu za Ngorongoro? Bwana Oscar Baumann aliingia katika kreta mwezi Machi mwaka 1892. Wakati ule sotoka ilikuwa imekwisha kuua ng'ombe, na njaa ilikuwa ikiwaua Wamasai. Twasoma katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1894 namna alivyowaona watu waliokonda hata wakawa mifupa. Miaka michache baadaye, mwaka 1906 na 1907, Bwana Fritz Jaeger alizunguka nyanda hizi akizipima na kuzipiga picha, akaandika kitabu kikubwa juu ya nchi ya kreta. Tazama picha za siku kama zile, msomaji, nawe utaona mambo mawili ya ajabu.

La kwanza, mara nyingi mbingu ni nyeupe, haina wingu hata moja. Je, siku zile hapakuwa na mawingu juu ya Oldoinyo Lengai? Yalikuwapo. Lakini dawa ya siku zile iliona rangi ya samawi kupita kiasi, hata samawi ya mbingu na weupe wa mawingu vikawa kitu kimoja. La pili, mtu aliyejipaka udongo mwekundu aonekana mweusi kama mkaa, na shuka lake jekundu ni jeusi, na ardhi nyekundu ya Karatu ni nyeusi. Dawa ile haikuweza kuiona rangi nyekundu. Basi mzungu wa Ulaya aliyeitazama picha nyumbani kwake alifikiri ameiona nchi yetu ilivyo, kumbe kioo kilikuwa kipofu kwa rangi ile ile ambayo watu wa hapa waliipenda kuliko zote. Tumewaonyesha wanafunzi jambo hili, wakastaajabu. Chombo chaweza kusema kweli juu ya uso na kudanganya juu ya nguo.

Liko na jambo la tatu, nalo latuuma zaidi. Siku hizi picha nyingi za misheni, pamoja na zile za Leipzig, zimewekwa katika mtandao na University of Southern California huko Marekani, na kila mtu aweza kuzitazama. Ni kazi njema, nasi twaishukuru. Lakini ukisoma maneno yaliyo chini yake, mara nyingi utakuta jina la mmisheni, na jina la kituo, na kisha neno kama "mwanamke wa Kichaga" au "vijana wa Kimasai". Mwanamke yule alikuwa na jina. Alisimama juani akangoja, akazuia pumzi kama alivyoagizwa, akatoa uso wake. Jina lake halikuandikwa. Labda aliyeandika aliona halina faida kwa wasomaji wake wa ng'ambo.

Nchi hii ya Ngorongoro ina ushuhuda mwingine juu ya kamera. Mwezi Julai mwaka 1959 Bwana Louis Leakey na mkewe Mary walikuwa katika bonde la Olduvai. Walikuwa wamekubaliana kwamba Bwana Des Bartlett, mpiga picha za sinema, aje kuipiga picha kazi ya kuchimba tangu mwanzo wake. Kwa hiyo walingoja, wala hawakuanza kuchimba. Siku ya tarehe 17 Bwana Leakey alilala kambini kwa homa, na Bibi Mary akaenda kutembea na mbwa wake, akitazama chini tu. Akaona mfupa umetokeza katika ardhi. Ndilo lile fuvu la kale waliloliita Zinjanthropus, ambalo habari zake zilienea ulimwenguni kote. Kazi ilikuwa imesimama kwa ajili ya kumngoja mtu mwenye kamera, na katika kungoja huko ndipo kilipoonekana kitu kikubwa kuliko vyote walivyokuwa wamevitafuta.

Tena mwaka 1978 huko Laetoli, kusini ya Olduvai, jamaa waliofanya kazi na Bibi Mary Leakey waligundua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili, miaka zaidi ya 3,600,000 iliyopita. Volkano ilitupa majivu, mvua nyepesi ikayalowanisha, viumbe wale wakapita, jua likayakausha, majivu mengine yakayafunika. Twaweza kusema kwamba nchi yenyewe ilifanya kazi ya kamera: majivu yalikuwa kama mkanda, mguu ukawa kama nuru, jua likawa kama dawa ya kutuliza picha. Nyayo zile, katika mstari wa mita 27 hivi, zilipigwa picha, kisha mwaka 1979 zikafunikwa tena ili zisiharibike. Lakini katika mchanga uliozifunika zilikuwamo mbegu za migunga. Zikaota, mizizi yake ikaanza kutisha nyayo. Katika miaka ya 1990 mafundi wa Idara ya Mambo ya Kale ya Tanzania, pamoja na wenzao wa Getty Conservation Institute ya Marekani, iliwabidi kuondoa miti, kutengeneza palipoharibika, na kuzifunika upya. Kuna fundisho hapa: kitu kilichowekwa akiba bila kuangaliwa chaharibika humo humo katika akiba.

Mwaka ule ule wa 1959, tarehe 10 Januari, Bwana Michael Grzimek, kijana wa miaka 24, alikufa katika nchi hii ndege yake ilipogongana na tai. Yeye na baba yake, Bernhard, walikuwa wakihesabu wanyama wa Serengeti na kupiga picha za sinema. Kaburi lake liko juu ya ukingo wa kreta ya Ngorongoro, na baba yake aliyekufa mwaka 1987 yupo karibu naye. Sinema yao ilipewa tuzo kubwa ya Marekani mwaka 1960, ikawafanya watu wengi wa ng'ambo kuipenda Serengeti. Twaheshimu kazi hiyo na msiba huo. Ila yatupasa kukumbuka pia kwamba mwaka huo huo wa 1959 Serengeti ilitengwa na Ngorongoro kwa sheria, na Wamasai waliokaa Serengeti wakahamia upande huu. Bwana Grzimek mzee aliamini kwamba hifadhi ya wanyama haipaswi kukaliwa na watu. Mwenye kamera huchagua mahali pa kuielekeza, na watu wa mbali huamini kwamba kisichomo katika picha hakikuwako.

Kwa sababu hiyo twafurahi tukumbukapo wenyeji wa Afrika ya Mashariki walioishika kamera wenyewe. Bwana Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Tanganyika. Alianza akiwa mtoto, kwa kamera ya Brownie iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine, sanduku kama hili letu. Baadaye picha zake za njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984 ziliutikisa ulimwengu, na misaada mingi ikatoka. Alikufa mwaka 1996 katika ajali ya ndege iliyotekwa nyara, karibu na visiwa vya Komoro. Hatusemi kwamba sanduku bovu humfanya mtu kuwa hodari. Twasema kwamba mtu aliyejifunza kwa chombo kisichomsaidia hujifunza kutazama.

Na hiyo ndiyo furaha tuliyotaka kuieleza. Watu wa Sale, Samunge na Digodigo wataielewa upesi. Wasonjo, ambao wenyewe hujiita Batemi, hulima kwa maji ya mifereji, na maji hutolewa kwa zamu. Mtu aliyepewa zamu ya saa chache hayachezei maji. Hutengeneza matuta yake kabla, hujua shamba gani lina kiu, na maji yafikapo yeye yuko tayari na jembe mkononi. Mwenye mkanda wa picha 8 ndivyo alivyo. Hupita kijijini kutwa nzima, akaona mengi, asisukume kipini hata mara moja. Kisha amwona mzee ameketi mlangoni, nuru imemwangukia vema, ndipo huomba ruhusa, huzungumza naye, humngoja. Picha huchukua kitambo kidogo; mazungumzo huchukua saa nzima.

Tuliwahi kuipata furaha hiyo pamoja na aibu yake. Katika sikukuu ya mavuno, miaka kadhaa iliyopita, tulipiga picha ya mfereji ukipita shambani, kisha tukaitwa tumpige picha bibi mmoja mzee wa kanisa letu, aliyekuja kwa kutegemezwa na wajukuu wake. Katika haraka tukasahau kuzungusha ufunguo. Mkanda ukapelekwa mjini kwa mkono wa msafiri, ukakaa miezi. Uliporudi tuliona picha mbili zimelala mahali pamoja: bibi amesimama, na maji ya mfereji yapita juu ya kanga yake toka begani hata chini. Naye bibi alikuwa amekwisha kufariki. Tuliona haya kuwapelekea jamaa zake. Lakini simu iliyokuwa na picha zake nyingine ilikuwa imekufa, nazo zimepotea pamoja nayo, nao wakaiomba hii yetu. Mwanawe wa kwanza aliitazama kitambo kirefu, akasema, "Mwalimu, mama alilima kwa mfereji huo tangu alipoolewa." Picha ile ipo ukutani kwao mpaka leo. Hatusemi kosa letu lilikuwa zuri, lilikuwa uzembe. Twasema tu kwamba picha mbaya iliyopo imewafaa kuliko picha nzuri zisizopo.

Msomaji mwingine atauliza, "Je, mwataka tutupe simu zetu?" La, hasha. Simu ni chombo chema. Mama aliye mbali humwona mtoto wake siku ile ile, na maskini hahitaji fedha ya mkanda. Tena kamera ya zamani ilikuwa na dhambi zake: mara nyingi ilikuwa mikononi mwa mgeni, ilipiga watu pasipo kuwauliza, ikawafanya vielelezo vya kabila badala ya watu. Tusiipambe kwa sifa isizostahili kwa sababu tu imekuwa ya kale. Lakini kumbukeni mwaka 2011, Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alipokuwa akiwanywesha watu kikombe cha dawa pale Samunge. Watu walikuja kwa maelfu, magari yakapanga mstari wa kilometa nyingi, na simu zikainuliwa kila upande. Labda kijiji chetu hakijapigwa picha nyingi hivyo tangu kuumbwa kwake. Ulizeni leo nyumba kwa nyumba, "Picha zenu za siku zile ziko wapi?" Wengi watasema, "Zilikuwa katika simu ile ya zamani." Wingi haukuwa akiba.

Sasa tufike kwenye neno lililotufanya tuandike. Tulipewa picha moja ya zamani ya karatasi, imeliwa na mchwa pembeni, ya watu 11 waliosimama mbele ya jengo la nyasi siku ya ubatizo. Nyuma yake hapana neno. Tuliipeleka kwa mzee mmoja, akaishika karibu na macho, akaweka kidole juu ya uso mmoja mmoja na kutaja: huyu ni fulani mwana wa fulani, huyu ni mama wa fulani, huyu alikufa kwa ndui. Alitaja watu 7. Jua lilikuwa linakuchwa, naye alichoka. Tukasema tutarudi kwa ajili ya wale 4 waliobaki. Shughuli za shule zikatuzuia. Tuliporudi mwaka uliofuata mzee alikuwa hai, alitukaribisha vema, lakini akili yake ilikuwa imekwisha kuondoka, aliitazama picha akatuuliza sisi, "Hawa ni nani?" Wale 4 hatukuwajua tena, wala hatutawajua. Walibatizwa, majina yao yalitajwa mbele ya kanisa siku ile, nasi tumeyapoteza kwa sababu ya safari moja tuliyoiahirisha.

Yoshua alipowavusha wana wa Israeli katika Yordani aliagiza mawe 12 yasimamishwe, ili watoto watakapouliza maana yake waelezwe. Angalieni, mawe peke yake hayakutosha. Ilihitajiwa mtu wa kujibu. Picha isiyo na jina ni jiwe lisilo na wa kujibu.

Basi, ndugu wasomaji, twawaomba mambo machache. Toeni picha zenu za zamani sandukuni. Andikeni nyuma yake kwa kalamu ya risasi, bila kukandamiza, majina yote kwa taratibu ya kusimama toka kushoto, na mahali, na mwaka kama wajulikana. Mikanda ya kinyume msiitupe kama takataka. Ifungeni katika karatasi safi, iwekeni pakavu, mbali na jua, moshi na mchwa, na kila mwaka ifungueni muitazame, mkikumbuka mizizi ya Laetoli. Picha za simu mnazozipenda, chache tu, zichapisheni, nazo ziandikeni vivyo hivyo. Na aliye na mzee nyumbani asiseme, "Tutamwuliza wakati wa likizo." Amwulize jioni hii.

Mtoto yule aliyetucheka alirudi wiki ya pili, akaomba apige picha moja. Tulimwambia zimebaki 3, afikiri kwanza. Akafikiri siku mbili, kisha akamleta babu yake. Alipokwisha kusukuma kipini tulimpa daftari, tukamwambia, "Picha hatujui kama imetoka, hata ikitoka, itachukua muda. Jina la babu liandike sasa." Akaketi chini, akamwuliza babu yake jina lake lote, na la baba yake, na la babu yake, akaandika.